Dirisha kwenye mlango wa pembeni wa trela: aina nne, na ipi ya kuchagua

Trela la mizigo lililofungwa pande zote likianza kukaliwa na mtu ndani, mlango wa pembeni usio na dirisha huwa kero. Anayekaanga chipsi pale Kibuye, Kisumu, kinyozi wa kuhamahama wa Njoro, fundi wa simu anayefuata siku za soko kutoka Ahero hadi Luanda ya Vihiga: wote hawa wanahitaji mwanga, hewa, na kumwona anayekuja kabla hajabisha. Ndipo mtu anapokwenda kwa fundi na kumwambia, "Nitobolee dirisha hapa."

Wengi huanza kwa kuuliza ni kioo gani kizuri. Sisi tunashauri uanze na mlango wenyewe. Ukuta wa trela umetulia, lakini mlango hufungwa kwa kishindo mara nyingi kwa siku, huning'inia kwenye bawaba, na ni mwembamba kuliko fremu nyingi za madirisha ya nyumba. Karibu kila dirisha linalovuja au kulegea kwenye trela limeshindwa na mojawapo ya hayo matatu.

Chunguza mlango kabla ya kununua chochote

Shika ukingo wa mlango upande wa kitasa, mlango ukiwa wazi, uuinue kwa mkono. Ukicheza juu na chini zaidi ya milimita 3, tengeneza bawaba kwanza. Ukiongeza kilo tatu au nne za dirisha juu ya bawaba iliyolika, mlango utashuka, raba ya chini itakunjika, na maji yataingia mlangoni huku wewe ukilaumu dirisha.

Kisha pima unene. Milango mingi ya trela ni bati la nje, fremu ya tubu za mraba, na plaiwudi ndani, jumla milimita 25 hadi 40. Pima penye kitasa, si pembeni, maana ukingo mara nyingi huwa umekunjwa na hukupa kipimo cha uongo. Fungua skrubu za plaiwudi ya ndani uone tubu zimepita wapi. Kama fremu ni ya chuma na bati la nje ni la alumini, sumaku itakuonyesha bila kufungua kitu. Dirisha liingie kati ya tubu mbili. Ukilazimika kukata tubu ya katikati, fundi wa kuchomelea aweke nyingine juu na chini ya tundu kabla ya jambo lingine lolote, la sivyo mlango utajipinda kama karatasi ukifungwa kwa nguvu.

Angalia pia mlango unafungukia wapi. Mlango wa matrela mengi husukumwa hadi ulale kwenye ubavu wa trela na kushikwa na kulabu. Fremu ya dirisha ikijitokeza nje kuliko nafasi iliyopo, itagonga ubavu kila siku. Pima nafasi hiyo mlango ukiwa umeshikwa na kulabu, uiandike kwenye karatasi unayokwenda nayo dukani.

Na kama trela lako lilitengenezwa kwa soko la Marekani, mlango wake wa pembeni kwa kawaida uko kulia, kwa sababu huko ndiko ulipo ukingo wa barabara. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango huo unafungukia kwenye magari. Dirisha la kutazama nje bado linafaa pale, tena linasaidia sana. Dirisha la kuhudumia wateja halifai: liwekwe kwenye ukuta wa kushoto.

Dirisha la trela lenye fremu mbili

Hili ndilo lililobuniwa kwa kazi yenyewe. Fremu ya nje yenye kioo huingizwa kwenye tundu, kisha ringi ya ndani hukazwa kwa skrubu, na ukuta hubanwa katikati. Hakuna skrubu inayoonekana nje, kwa hiyo hakuna tundu la skrubu la kupitisha maji wala kichwa cha skrubu cha kufunguliwa na mwizi. Nusu moja husukumwa kando kuleta hewa, na mengi huja na wavu wa mbu.

Tatizo lake ni unene. Kila dirisha la namna hii lina kipimo cha ukuta lililotengenezewa. Ukinunua la ukuta wa milimita 38 ukalipachika kwenye mlango wa milimita 25, ringi itafika mwisho wa skrubu kabla haijabana chochote. Hapo unahitaji fremu ya kujazia ya milimita 13 upande wa ndani. Itengeneze kwa mbao ngumu iliyopakwa rangi pande zote, au plastiki nene. Usitumie ubao wa unga wa mbao uliogandishwa: ukinyonya maji mara moja, huvimba na skrubu haishiki tena.

Skrubu zikiwa ndefu mno husukuma fremu ya nje kutoka ndani na kuacha vinundu kwenye alumini, au huitoboa. Zikiwa fupi hazishiki. Jaribu moja kwa mkono, hesabu mizunguko inayoshika, kisha ndipo ununue nyingine.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni upande wa kuelekeza kioo kinachotembea. Kioo kisichotembea, ambacho kwa kawaida ndicho kilicho nje zaidi, kiwe upande wa mbele wa trela. Hapo upepo na mvua vinapita juu ya kiungo na kuendelea nyuma. Ukigeuza, ukingo wa kiungo unaikabili mvua moja kwa moja, na ukiwa unapanda Mau Summit kwenye mvua ya Aprili maji yataingia hata dirisha likiwa jipya.

Kuna pia madirisha ya akriliki (plastiki angavu kama kioo) ya tabaka mbili yanayofunguka kwa kuinuliwa nje. Ni mepesi na yanazuia joto vizuri, lakini hewa iliyofungwa kati ya tabaka hutanuka ukipanda. Kutoka Mombasa hadi Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kioo huweza kuvimba waziwazi. Yana vizibo vidogo vya kutoa hewa. Vifungue kabla ya safari na uvirudishe ukifika unakokaa.

Dirisha la alumini la nyumba, la kusukuma

Fundi wa alumini yuko kila mji, atakutengenezea kwa kipimo chako, na bei yake huvutia. Kwa trela lililoegeshwa mahali pamoja, kwa mfano kibanda cha chakula kisichohama isipokuwa mara moja kwa mwaka, linaweza kufaa, tena ukutani kuliko mlangoni.

Kwa trela linalosafiri hatulipendekezi. Fremu yake ni nene kuliko mlango, kwa hiyo hujitokeza ndani au nje. Vioo vyake husimama juu ya rola ndogo kwenye reli. Ukifunga breki hutembea, na mtikisiko wa barabara ya changarawe hufungua komeo taratibu. Kizuizi chake cha vumbi ni brashi ya nywele, ambayo nyumbani inatosha lakini kwa vumbi laini la Nakuru ni sawa na kutokuwepo. Vumbi hilo likijaa kwenye reli na kuchanganyika na mvua hugeuka tope, tope huziba vitundu vya kutolea maji, na maji yanayojaa kwenye reli humwagikia ndani ya plaiwudi.

Kingine ni kioo chenyewe. Fundi asipoambiwa huweka kioo cha kawaida cha milimita 4. Kikivunjika kwenye mlango unaotembea, hutoka vipande virefu vyenye makali. Ukishikilia aina hii, sisitiza kioo cha tabaka zilizogandishwa au kilichoimarishwa kwa joto.

Kioo kisichofunguka kwenye raba

Ndiyo njia ya vioo vya pembeni vya matatu ya zamani, na mafundi wake wako Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret. Raba ina mifereji mitatu: mmoja unashika bati, mwingine unashika kioo, kisha uzi wa raba ngumu husukumwa kwenye mfereji wa tatu ili kukaza yote. Ikifungwa vizuri haivuji wala haipigi kelele, na kioo kikipasuka kinabadilishwa bila kugusa rangi.

Lakini mfereji wa bati umetengenezwa kwa bati la milimita 2 hadi 3 hivi. Mlango wa milimita 30 hauingii. Inabidi kuchomelea pembe ya chuma ya milimita 25 kwa 25, unene wa 3, kuzunguka tundu ili ipatikane kingo nyembamba ya kushika raba. Kona za kingo hiyo ziwe za duara. Raba haikunji kona kali, huinuka na kuacha upenyo. Nunua raba kwanza, kisha ndipo ukate kioo. Kipimo cha kioo hutokana na unene wa raba iliyo katikati ya kioo na bati, na raba za maduka mawili hazilingani. Kata raba ikiwa ndefu kidogo kuliko mzunguko ili kiungo kijibane chenyewe, na kiungo hicho kisiwe kwenye kona.

Kioo kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa, kile cha milimita 6.38. Fundi wa vioo anaweza kukikata hapo hapo mtaani. Kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi baada ya kutengenezwa: kikiguswa na kikata-kioo hulipuka chote kuwa chembe, kwa hiyo lazima kiagizwe kwa kipimo kamili.

Polikaboneti iliyofungwa kwa boliti

Kwa hali nyingi za huku kwetu, hii ndiyo tungeanza nayo. Bapa la polikaboneti, plastiki angavu iliyo ngumu kuvunjika, la milimita 5 hustahimili jiwe linalorushwa na tairi la lori na hata pigo la nyundo, jambo ambalo kioo hakiwezi. Pasipeksi, yaani akriliki, hufanana nayo kwa macho lakini hupasuka kuanzia tundu la boliti. Wauzaji wengine huchanganya majina, kwa hiyo omba kipande kidogo ukikunje kwa koleo: polikaboneti hukunjika, akriliki huvunjika.

Kwa tundu la sentimita 40 kwa 50, kata bapa la 48 kwa 58 ili lipite ukingo kwa sentimita 4 kila upande. Liweke nje, juu ya utepe wa butili (utepe laini unaonata wa kuzuia maji), kisha juu yake ukanda wa alumini wa milimita 25 kwa 3 kuzunguka pande zote. Boliti za milimita 5, zenye kichwa cha duara kisichoshikika nje na nati zenye nailoni ndani, kila baada ya sentimita 14. Zinatoka boliti 14.

Kosa linaloharibu kazi hii ni tundu la boliti lililobana. Polikaboneti hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, mara tatu ya alumini na zaidi ya mara tano ya chuma. Bapa la sentimita 58 likitoka kwenye nyuzi 15 za alfajiri ya Nakuru hadi 60 za mlango mweusi ulioegeshwa juani Kisumu, linakua karibu milimita 1.8. Likikosa pa kukulia, hujikunja katikati na kubanduka kwenye butili, au hupasuka penye boliti. Kwa hiyo boliti ni ya 5, tundu kwenye polikaboneti ni la 8. Nati zikazwe mpaka butili ichungulie pembeni, basi.

Upande mmoja wa bapa una kinga ya mionzi ya jua, na karatasi iliyobandikwa huandikwa upande huo. Uelekee nje. Ukigeuzwa, bapa huwa la manjano na kupoteza nguvu. Usilisafishe kwa petroli, thina wala dawa ya vioo yenye amonia, na usiweke gundi ya kufungia nati karibu nalo. Yote huleta nyufa ndogondogo ambazo huonekana baada ya wiki kadhaa. Sabuni ya vyombo na maji mengi yatosha, na vumbi limwagiwe maji kwanza kabla ya kuguswa na kitambaa, maana polikaboneti huchubuka upesi. Huo ndio udhaifu wake mkubwa: baada ya misimu kadhaa haioneshi vizuri kama kioo.

Zikiwekwa kando kwa kando, tundu la sentimita 40 kwa 50

| | Fremu mbili | Alumini ya nyumba | Kioo na raba | Polikaboneti 5 mm |
|---|---|---|---|---|
| Huleta hewa | Ndiyo, nusu | Ndiyo, nusu | Hapana | Hapana |
| Vumbi barabarani | Kidogo | Jingi | Hakuna | Hakuna |
| Uzito wa kioo au bapa | Hutegemea modeli | Hutegemea kioo | Karibu kilo 3 | Karibu kilo 1.7 |
| Kuchomelea mlango | Hapana, bali fremu ya kujazia | Mara nyingi | Lazima | Hapana |
| Kikigongwa na jiwe | Hupasuka | Hupasuka | Hupasuka lakini hukaa | Huchubuka |
| Kupata spea | Kwa kuagiza | Mji wowote | Mafundi wa vioo vya magari | Mji mkubwa |

Nakuru si Kisumu

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari: usiku ni baridi, na kiangazi vumbi ni laini mno. Trela linapokwenda, mkondo wa hewa unaopita nje huivuta hewa ya ndani kupitia nyufa, na mahali pake huingia hewa ya vumbi linalotimuliwa na gari linalolivuta. Kwa hiyo kila upenyo ni mlango wa vumbi. Anayekwenda Njoro, Molo au Subukia kwa barabara za murram achague lisilofunguka, na hewa aitafute juu, kwa tundu la paa lenye kifuniko.

Kisumu, Ahero, Busia na kandokando ya ziwa, shida ni joto na unyevu. Dirisha lisilofunguka bila tundu la paa hugeuza trela kuwa tanuri, hasa likiwa na jiko la gesi ndani. Hapo fremu mbili inastahili gharama yake. Lakini dirisha la mlangoni peke yake halipoozi trela: hewa moto hukaa juu, kwa hiyo tundu la paa linahitajika pande zote mbili za Mau. Kericho, ambako mvua haikatiki kwa muda mrefu, chochote kisichofunguka ni bora.

Unyevu wa ziwani pia huharakisha kutu pale alumini inapogusana na chuma. Weka utepe au rangi kati yao, na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mwizi na mkono wake

Hatari si mtu kupita dirishani, ni mkono kupita na kufungua komeo la ndani. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 70 hivi. Kwenye mlango wa upana wa sentimita 80 ni vigumu kuliweka dirisha mbali hivyo na kitasa, kwa hiyo ama komeo la ndani liwe la ufunguo, ama uweke grili. Grili ya chuma cha mraba cha milimita 10, yenye vyuma vitatu vya kusimama, huwa karibu kilo 2.6. Ifungwe kwa boliti kwenye tubu za fremu. Iliyoshikwa na skrubu za plaiwudi hung'olewa kwa teke moja. Uzito huo nao uingie kwenye hesabu ya bawaba.

Kukata

Ng'oa mlango kwenye bawaba ukiweza, uulaze juu ya meza mbili. Chora tundu kwa kutumia kadibodi uliyoijaribu kwenye dirisha lenyewe, bandika utepe wa karatasi kuzunguka mstari ili jigso isichubue rangi, toboa kona kwa drili ya milimita 10, kisha kata kwa bledi ya chuma yenye meno 24 kwa inchi. Grainda ni ya haraka na fundi wengi huishika kwanza, lakini cheche zake hujichoma kwenye rangi na kuota kutu baada ya mvua ya kwanza, na kama ndani ya mlango kuna povu la kuzuia joto, linaweza kuwaka. Ukilazimika kuitumia, toa povu kwanza na ufunike rangi yote kwa gunia lililoloweshwa.

Piga kingo tupa, futa chembe zote za chuma, na chuma kilichobaki wazi ukipake primer ya kuzuia kutu. Subiri ikauke kabisa. Butili ya upana wa sentimita 2 hadi 2.5 inatosha, kwa tundu hili nunua mita 2 na zaidi kidogo, kiungo kikae upande wa juu. Silikoni inayonuka siki usiitumie kwenye mabati wala polikaboneti. Tafuta ile isiyo na asidi. Gundi ya poliyurethani ya mafundi wa vioo vya magari ni imara sana, ila siku ya kubadilisha dirisha utalikata kwa waya.

Kaza skrubu au boliti kwa mkono, kwa kuvuka: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, kidogo kidogo mpaka zote zilingane. Rudia baada ya siku mbili tatu, kwa sababu butili huendelea kujisawazisha na skrubu hulegea. Vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya fremu viachwe wazi. Fundi mwenye bidii mara nyingi huviziba akidhani ni kasoro.

Kujaribu kwa maji

Rudisha mlango, ufunge kwa nguvu ya kawaida mara thelathini hivi, kisha ndipo ulete maji. Mtu mmoja aingie ndani na tochi. Wa nje aanze na mpira wa maji chini ya dirisha, dakika tatu, apande hadi pembeni, amalizie juu. Ukianza juu, maji hutiririka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Kama tone linaonekana kwenye kona ya chini ya plaiwudi huku kingo za dirisha zikiwa kavu, chunguza raba ya mlango kabla ya kugusa dirisha: washa tochi ndani usiku, na mwanga utakaopenya nje utakuonyesha raba isipogusa.